Mbaruk Yupi?

Oktoba inakuja na najua kinachokuja nayo. Tarehe 20, Siku ya Mashujaa, kila ukurasa wa Pwani utaposti ile picha: mzee mwenye ndevu nyeupe, kilemba, upanga kiunoni, nyuma yake Ngome ya Yesu inawaka moto, na mwanga wa akili mnemba unammulika usoni kama yuko kwenye tangazo la simu. Chini yake herufi kubwa: MBARUK, SIMBA WA PWANI. Halafu komenti zote ni moto na bendera.

Swali langu ni moja tu, na nitaliuliza chini ya kila posti mpaka mnibloku. Mbaruk yupi?

Maana walikuwa wawili. Na usidhani ni wawili wa karne tofauti. Wawili wakati mmoja, ukoo mmoja, vita vimoja, tena upande mmoja. Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi na Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Takaungu. Jina lake sawa, la baba sawa, la ukoo sawa. Nyinyi mmewachukua wote wawili mkawatia kwenye blenda, mkabonyeza.

Kabla hujaniambia ni jambo dogo, nenda kinyozi chochote hapa Mombasa, keti, useme kwa sauti: “Ronaldo alibeba Kombe la Dunia 2002, halafu akaenda kucheza Saudia.” Utatoka umenyolewa nusu kichwa. Mtoto wa miaka 9 atakurekebisha: yule ni Ronaldo wa Brazil, huyu ni Cristiano. Atakupa na vilabu, na namba za jezi, na magoti yaliyoumia. Hakuna mtu pale atakayesema kujua tofauti hiyo ni kusoma sana. Ni heshima ya kawaida tu kwa kazi ya mtu, kwamba mabao ya huyu yasihesabiwe kwa yule. Mbona heshima hiyo inaishia uwanjani?

Haya, sikizeni stori yenyewe, kwa sababu wengi mnaiposti bila kuijua.

Wamazrui walishika Mombasa na Ngome yake karibu miaka 100. Walianza kama magavana wa Oman, baadaye wakajitawala kwa hesabu yao wenyewe. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan, mwenye Oman na Unguja, akaupata mji hatimaye baada ya kujaribu mara kadhaa. Mtawala wa mwisho wa Kimazrui aliitwa Rashid bin Salim. Shika jina hilo, litarudi. Yeye na wenzake zaidi ya 20 walikamatwa kwa hila, wakapakiwa chomboni, wakapelekwa Bandar Abbas, katika Iran ya leo, na huko ndiko walikoishia. Waliosalia wakagawanyika njia mbili. Wengine wakaenda kaskazini, Takaungu, karibu na Kilifi. Wengine kusini, Gazi, Kwale ya sasa. Ukisimama Ngomeni uko katikati yao, kama kilomita 50 kila upande.

Gazi ndiko alikotawala Mbaruk wa kwanza. Jina lake kamili ni Mbaruk bin Rashid bin Salim, na babake ndiye yule Rashid wa Bandar Abbas. Huyu aliwasumbua masultani wa Unguja kwa miongo. Mwaka 1882 lilitumwa jeshi la Sultani likiongozwa na Mwingereza, Lloyd Mathews, likaizingira ngome yake ya Mwele, kule bara nyuma ya Gazi. Ngome ikaanguka, mwenyewe akaponyoka. Baadaye ilipokuja ile kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, akapatana nayo na akawa anapokea posho yake. Ndiyo, simba wenu alikuwa kwenye orodha ya malipo. Usikasirike bado, tutafika.

Takaungu alitawala Salim bin Khamis, rafiki wa Kampuni. Februari 1895 akafariki. Aliyekuwa na haki ya kumrithi, kwa desturi ya ukoo, ni mkubwa wao, mwana wa ndugu yake marehemu: Mbaruk bin Rashid bin Khamis. Kampuni ikasema huyo hapana. Yenyewe ilimtaka mtoto wa marehemu, ambaye ilimwona kama rafiki. Na huyo mtoto aliitwa nani? Rashid bin Salim.

Ndiyo, jina lilelile. Mwaka 1837 Rashid bin Salim anang'olewa na wageni, mwaka 1895 Rashid bin Salim anapandwa na wageni. Ukikata majina kama mnavyoyakata, historia ya Pwani inakuwa ya mtu mmoja aliyefukuzwa Mombasa, akaishi miaka 58 kwa siri, akarudi Takaungu akiwa kibaraka. Wa kwanza ni Rashid bin Salim bin Ahmed. Wa pili ni Rashid bin Salim bin Khamis. Yaani hata bin moja haitoshi, wakati mwingine ni babu ndiye anayekuokoa.

Mbaruk wa Takaungu hakukubali. Na ningekuwa yeye nisingekubali pia: umefiwa na ami yako, wazee wa ukoo wanajua zamu ni yako, halafu karani wa kampuni kutoka ng'ambo anakwambia kiti ameshampa mwingine. Wakaja wanajeshi na mabaharia wa manowari za Kiingereza. Katikati ya vurugu hiyo, tarehe 1 Julai 1895, Kampuni ikakabidhi kila kitu kwa serikali ya Uingereza, ikaanza himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mbaruk akatolewa kwao, akakimbia kusini. Alikimbilia kwa nani? Kwa somo yake. Kwa Mbaruk wa Gazi.

Hapo ndipo stori yote ilipo kwangu. Yule wa Gazi alikuwa mtu mzima, ana posho, ana mji wake, na mwanzoni mwa ugomvi huu hakuwa amemgusa Mwingereza yeyote. Alijua gharama. Miaka 13 nyuma alishaona Mwele ikianguka. Na bado akampokea. Wanahistoria wana hesabu zao kuhusu sababu, na sidhani ilikuwa mapenzi matupu, kulikuwa na siasa za ukoo, na hasira za zamani, na kuona kwamba kesho zamu ni yake. Sawa. Lakini mlango ulifunguliwa. Agosti 1895 kikosi cha Admirali Rawson kikapanda mpaka Mwele kikaiteka. Vita vikaendelea msituni mpaka wakaletwa askari kutoka India, na Aprili 1896 Mbaruk wa Gazi akavuka mpaka na watu wake kuingia kwa Wajerumani, akajisalimisha kule. Aliishi Dar es Salaam mpaka alipofariki 1910.

Sasa niambie, ukiwafanya hawa watu mmoja, huo mlango unakwenda wapi? Mtu hawezi kujikimbilia mwenyewe. Hawezi kujipa hifadhi mwenyewe. Uamuzi mkubwa kuliko wote katika vita hivi, mtu aliyeketi vizuri kumpokea anayetafutwa, unafutika kwa sababu wewe uliona “bin Rashid bin Khamis” ni maneno mengi.

Chanzo nacho kinafutika. Posti zenu zote zinasema “alipinga ukoloni”. Ukoloni upi, kwa njia ipi? Husemi, kwa sababu Mbaruk wako wa blenda hana ami aliyekufa, hana binamu, hana kiti alichonyimwa. Ana upanga tu. Ukweli ni kwamba ukoloni ule haukuja umevaa pembe kichwani. Ulikuja matangani, ukakaa na wafiwa, ukachagua mrithi. Kijana wa leo anayetazama mtu wa nje akiingilia mambo ya shamba la familia, au akiamua nani ndiye “mwenyeji halisi” wa kusaini karatasi, angeitambua hiyo stori mara moja. Mmempa upanga badala yake.

Na kwa vile tumefika kwenye ukweli, hapa ndipo wengine mtanichukia. Mashamba ya Takaungu yalilimwa na watumwa. Hao mabwana wa Kimazrui mnaowapamba kwa emoji za simba walikuwa mabwana wa watu. Yule wa Gazi alipokea fedha za Kampuni kabla ya kupigana nayo. Mimi sisemi tusiwaposti. Nasema jina kamili hubeba hesabu kamili, ya mazuri na ya mabaya, kila mtu na daftari lake. Mtu wa blenda hana daftari. Ndiyo maana ni rahisi kumpenda.

Kuna Mbaruk wa tatu pia, na huyu mnampitia kila siku.

Barabara inayoingia Mji wa Kale kutoka upande wa Ngome inaitwa Mbarak Hinawy. Nimemsikia kwa masikio yangu jamaa mmoja akiwaeleza wageni kwamba ni barabara ya “yule aliyewapiga Waingereza”. Bana! Sir Mbarak Ali Hinawy alizaliwa 1896, mwaka uleule somo yake wa Gazi alipovuka mpaka, na akafariki 1959. Alikuwa Liwali wa Pwani chini ya serikali ya kikoloni. Hiyo “Sir” hakuiokota Marikiti, alipewa na taji la Uingereza. Yaani Mbaruk wawili walipigana na dola ile, Mbarak wa tatu akaitumikia, na katika mdomo wa huyo jamaa wa tatu amevikwa vita vya wale wawili.

Hata Hinawy mwenyewe anadhulumiwa hapo, kwa sababu anayo kazi yake na ni kubwa. Alikusanya miswada na mashairi ya Kiswahili. Aliandika kitabu kuhusu Ngome, Al-Akida and Fort Jesus, Mombasa, juu ya Akida Muhammad bin Abdallah, kamanda wa Ngome aliyemuasi Sayyid Barghash mpaka manowari za Kiingereza zikaipiga Ngome mizinga Januari 1875. Mimi binafsi simpi Hinawy taji la ushujaa, liwali ni liwali. Lakini sitaki apewe vita asivyopigana, na vitabu alivyoandika visahauliwe. Mpe chake.

Ukitaka kuona jinsi jina linavyotunzwa likipata mtunzaji, vuka daraja la Makupa uelekee Changamwe. Port Reitz. Luteni John James Reitz aliachwa Mombasa na Kapteni Owen mwanzoni mwa 1824 kuangalia mji, Wamazrui walipotaka bendera ya Uingereza iwakinge na Sayyid Said. Akafa kwa homa kabla mwaka kwisha. Miezi michache tu, yakhe! Na mpaka leo ana mkono wa bahari, ana mtaa, ana hospitali, na hakuna anayemchanganya na Reitz mwingine.

Ndani ya Ngome kwenyewe ni hivyohivyo. Msikilize anayepeleka watu mbiombio: “Hapa Mreno, halafu Sultani wa Oman, halafu Mwingereza jela.” Sultani wa Oman, kama jina la duka. Lakini angalia majina yenyewe, utapenda. Aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650 ni Sultan bin Saif. Mwanawe, ambaye jeshi lake liliingia Ngome ya Yesu tarehe 13 Desemba 1698 baada ya kuizingira tangu Machi 1696, ni Saif bin Sultan. Mwana wa huyo ni Sultan bin Saif. Na mwana wa huyo ni Saif bin Sultan. Hapo “Sultan” ni jina lake la kuzaliwa, usidhani ni cheo. Ni kama watu wanarushiana mpira: Sultan, Saif, Sultan, Saif.

Babu na mjukuu, jina moja mpaka la baba, na Ngome ileile. Wakati wa babu Oman iliichukua. Wakati wa mjukuu, aliyeachiwa urithi akiwa mtoto mdogo mwaka 1718, Oman ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe juu ya nani atawale, na Wareno wakapata nafasi wakarudi Ngomeni 1728. Waliowatoa tena, Novemba 1729, ni watu wa Mombasa wenyewe walioinuka. Mjukuu huyo baadaye aliwaita Waajemi wamsaidie, wakaja wakakaa. Ukisema tu “Saif bin Sultan aliikomboa Mombasa”, umempa mjukuu ushindi wa babu yake, na umewanyang'anya watu wa mji huu mwaka wao wa 1729. Waandishi wa vitabu waliona hatari hiyo wakawapa namba, wa Kwanza na wa Pili, kama Waingereza wanavyofanya na wafalme wao. George wa Tano na George wa Sita walifuatana karibu kabisa na hakuna mwanafunzi anayewaunganisha. Wao huhesabu. Sisi hutaja baba. Kazi ni moja, ila ukikata baba na usiweke namba hubaki na kitu.

Kuna na kinyume chake, mtu mmoja aliyegawanywa. Wale wa shule za kidini wanamjua Yusuf bin Hasan. Wale waliosoma vitabu vya Wareno wanamjua Dom Jerónimo Chingulia, mwana wa mfalme aliyelelewa Goa akabatizwa. Ni yeye huyohuyo. Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapteni wa Wareno, akaishika. Huyo msimkate katikati. Wale wengine msiwaunganishe. Si hesabu ngumu.

Hatua chache kutoka ukuta wa Ngome kuna makaburi ya Wamazrui. Oktoba 2014 alizikwa hapo Profesa Ali Mazrui, aliyefariki Marekani, na wengi wetu tunamjua kwa jina hilo fupi. Babake alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki 1947, aliyeanzisha magazeti ya Al-Sahifa na Al-Islah miaka ya 1930, na aliyeandika historia ya ukoo wake. Babu yake alikuwa Sheikh Ali bin Abdallah. Halafu yuko Alamin Mazrui, mwanaisimu, aliyeandika tamthilia ya Kilio cha Haki. Kila mwaka naona wanafunzi mtandaoni wakimpa Profesa Ali tamthilia ya Alamin, na wakimpa Alamin magazeti ya Sheikh Al-Amin, ambayo yalitoka kabla hajazaliwa. Hawa ni watu wa juzi, wana picha na sauti zilizorekodiwa. Kama hawa tunawachanganya, wale wa 1895 wana matumaini gani?

Cha ajabu ni kwamba kazi hii ya kutenganisha watu tunaijua vizuri mno, sisi wa mji huu. Babu yangu aliitwa Salim. Wajukuu wake watatu tunaitwa Salim, kwa sababu kila mtoto wake alitaka kumpa baba heshima, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Nyumbani hakuna shida hata siku moja. Kuna Salim wa Kibokoni, kuna Salim wa Khadija, na kuna mimi, Salim Mwembamba, jina nisilolipenda lakini linafika. Tukiitana sisi kwa sisi ni “somo”. Akilia mtoto barazani “Salim kanipiga!”, bibi anauliza papo hapo, “Salim yupi?” Hataki kuchapa asiyehusika.

“Mbaruk wa Gazi” ni lugha hiyohiyo ya bibi. “Bin Khamis” ni lugha hiyohiyo. Wazee wetu walikuwa na mfumo, na unafanya kazi.

Kinachouvunja ni karatasi, na sasa skrini. Nilipokwenda kuchukua karatasi zangu za utu uzima, kwenye ofisi ambayo sitaitaja, karani alilipiga mstari “bin” langu akasema hilo si jina, ni mapambo. Binamu yangu alikwenda mwaka uliofuata, naye likapigwa mstari. Matokeo yake Salim wawili wa familia moja tunafanana kwenye mashine kila mahali, na deni la mmoja limeshampigia simu mwingine zaidi ya mara moja. Tunacheka, lakini siku ikija kesi ya shamba au ya mirathi hakuna atakayecheka. Mtu aliyefutwa bin leo ndiye Mbaruk wa kesho.

Najua majibu yenu, nimeshayasoma kwenye komenti.

Kuna anayesema bin ni Uarabu, na kuliondoa ni kurudi Uafrika. Sawa, tuongee. Mekatilili anaitwa nani kamili? Mekatilili wa Menza. Waiyaki? Wa Hinga. Ngũgĩ? Wa Thiong'o. Mgiriama anaweka baba, Mkikuyu anaweka baba, na wote wawili wanawapa wajukuu majina ya babu na nyanya kama sisi. Kwa hiyo wanapata shida ileile ya majina kujirudia, na dawa yao ni ileile. Hilo neno liwe “wa” au “bin”, kazi yake ni kumwambia msikilizaji: huyu, si yule. Hakuna Uafrika unaopatikana kwa kutomjua baba wa mtu.

Mwingine anasema video ni sekunde 30, majina marefu hayaingii. Wewe uliyetumia sekunde 8 za mwanzo kuonyesha mawimbi na ngoma? Sema “Mbaruk bin Rashid bin Khamis, wa Takaungu.” Nimepima kwa simu, ni sekunde tatu. Ukisema polepole, nne.

Na kuna wale wa “lakini ujumbe ni ule ule, tulipinga.” Hapana. “Tulipinga” bila majina ndiyo njia rahisi ya kujipa sifa. Mmoja alidai haki yake. Mmoja alimfungulia mlango. Mmoja alikubali kiti alichopewa. Na kulikuwa na watu waliolima mashamba ya wote watatu ambao majina yao hayakuandikwa kabisa, si la kwanza wala la tatu. Ukiwa na bahati ya jina lililoandikwa mpaka kwa babu, halafu wewe unalikata kwa sababu ya fonti, mimi sikuelewi.

Kwa hiyo mwaka huu nafanya hivi. Wiki ya Mashujaa naweka posti nne. Moja ya Mbaruk wa Gazi, moja ya Mbaruk wa Takaungu, na moja ya Rashid wawili, kila mmoja na picha yake ya Ngome kwa nyuma bila moto, kwa sababu vita vya 1895 vilipiganwa Takaungu na Gazi na Mwele na msituni, na Ngome mwaka huo Waingereza walikuwa wanaigeuza jela. Ya nne ni ya Hinawy, na kitabu chake mkononi. Sura za kutengenezwa sitaweka. Zikopieni, sidai hata kutajwa. Ila atakayekata jina nitakuwa pale chini kwenye komenti.

Na kwa watu wa kaunti, kama mnasoma: siku mtakapopaka upya vibao vya Mji wa Kale, cha barabara ile kiandikwe Sir Mbarak Ali Hinawy, Liwali, 1896–1959. Halafu muangalie kama kuna barabara yoyote huko Kilifi au Kwale inayoweza kubeba wale wengine wawili. Ziwe mbili.